Mihuri Mitatu ya Lovro

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda kuchota maji. Kazi ya kila siku, haina hadithi. Mnafika kwenye kibanda cha mlimani, mnatua mashanta, mwenye zamu anabeba chupa anashuka chemchemini. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Nikapiga magoti kwenye mawe, nikapanga chupa.

Nne.

Sisi tulikuwa watatu: mimi Zarja, Gorazd na Blažka. Mazoea yana taabu. Miaka mitano tulipanda milima tukiwa wanne. Wa nne alikuwa Lovro, na Lovro alianguka Juni mwaka jana. Tulimzika kijijini kwao. Sikulia siku ile, wala sikulia baadaye. Nilikula, nilikwenda kazini, nilirudi, nililala. Mwili wote ganzi.

Njia ndefu ya Slovenia ina kijitabu chake. Kila kilele kina kisanduku cha bati, na ndani mna muhuri na wino. Unafika kwa miguu yako, unagonga kwa mkono wako. Hakuna kumgongea mwenzio. Huku kwetu anayemgongea mtu anatazamwa kama mwizi wa kuku. Lakini kijitabu cha Lovro kilibakiza mihuri mitatu, na mama yake, Mama Ivanka, alitutilia mikononi.

"Mmalizieni mwanangu," alisema.

Nani angekataa? Mimi hasa nisingekuwa na uso wa kukataa. Siku ile aliyoanguka, Lovro alikuwa ameshashuka nasi salama. Mimi ndiye niliyesahau kijitabu changu kileleni, juu ya kisanduku. Yeye akasema, "Tangulieni, nakichukua." Na alikichukua kweli. Walimwokota nacho mfukoni.

Basi kilele cha kwanza nilimgongea mimi. Tukiwa tunashuka, mguu wangu wa kushoto ukafa ganzi. Kilele cha pili nikamgongea tena, mchana wa siku hiyo hiyo ya maji, vidole vya mkono wa kulia vikafuata. Nikasema ni baridi. Nikasema ni viatu. Mtu aliyekwisha kufa ganzi moyoni hahangaiki na vidole.

Nikajaza chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikanyoosha mkono kuchukua ya nne...

Ilikuwa imejaa.

Kifuniko kimefungwa. Tone la maji linateremka ubavuni. Kisha ikanijia harufu ya nta ya nyuki. Lovro alikuwa akipaka viatu vyake nta, tena nyingi, mpaka tunamwambia iko siku nyuki watamfuata. Nyuma yangu, kwenye changarawe, kukalia: tok... tok... halafu mburuzo. Fimbo yake ilipoteza mpira wa chini zamani, na hakuwahi kununua mwingine.

Sikugeuka. Nilijua kwamba hapa mtu anatakiwa kuogopa, nilijua kama ninavyojua nauli ya basi la kwetu, lakini hofu yenyewe haikuja. Mlio ukanipita, ukapanda kuelekea kibandani. Nilipokusanya chupa, zilikuwa tatu.

"Umeenda kuchota maji au kuchimba kisima?" Gorazd aliniuliza nilipoingia.

Mama Fani, mwenye kibanda, alikuwa akileta supu ya maharage na kabichi chachu. Bakuli moja akaweka mbele ya Gorazd. Moja mbele ya Blažka. La tatu akaliweka mwisho wa benchi, ukutani, ambapo hapakuwa na mtu.

"Na mimi, mama?"

Hakugeuka. Nikauliza tena. Nikamshika aproni, ndipo akaruka, nusura mwiko umtoke mkononi.

"Yesu wangu. Wewe umetoka wapi?" Akanitazama kwa kukaza macho. "Nimepika ya watatu. Kitabu kimesema watatu. Na mwenzenu yule ameshaniletea maji."

Chupa ya nne ilikuwa mezani, inatiririka.

Gorazd akacheka akamwambia mama macho yamechoka. Mama Fani hakubishana. Akakileta kitabu cha wageni, kile ambacho kila anayepita huandika jina lake na anakoelekea. Mwandiko ulikuwa wangu. Gorazd. Blažka. Lovro.

Jina langu halikuwapo.

Inaelezeka. Wakati wa kuandika nilikuwa nimeshika kijitabu cha Lovro, nanakili namba zetu za chama cha wapanda milima. Mkono ulichoka, nikanakili jina lake, nikajisahau. Mtu yeyote angekosea hivyo.

"Huku juu asiyeandikwa hatafutwi," Mama Fani alisema. "Unalijua hilo."

Akanivuta jikoni, akavitaka vijitabu vyote viwili, changu na cha marehemu. Katika cha Lovro, mihuri miwili mipya ilikuwa imekolea wino, kama iliyogongwa mara mbili. Katika changu, kurasa zile zile mbili zilikuwa nyeupe. Nilikuwa nimezigonga kwa mkono wangu, na Blažka akiona.

Akaninong'oneza.

"Mmemgongea maiti?"

"Mama yake aliomba."

"Muhuri ni wa miguu, binti yangu. Yeye hana miguu tena. Sasa anatembelea ya nani?"

Nikautazama mguu wangu wa kushoto.

"Bado mingapi?"

"Mmoja."

"Wa kwanza umetoa mguu, wa pili umetoa mkono. Wa mwisho hauchukui kiungo, unamchukua mgongaji mzima. Usiuguse." Akaliandika jina langu kitabuni, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Alfajiri niliwaeleza wenzangu yote, huku tunafunga kamba za viatu. Gorazd akasema Mama Fani anakaa na mbuzi miezi minne bila mtu wa kuongea naye, hata yeye angewaona watu wa ukutani. Blažka hakucheka. Yeye na Lovro walikuwa waoane majira ya vuli.

"Kabakiza mmoja tu," alisema.

"Sigongi."

"Na ni wewe uliyemrudisha kule juu, Zarja." Alilisema taratibu, bila ubaya. Ukweli unauma hata ukisemwa kwa adabu.

Njia nzima nikawa nawaza: mpe. Mwili huu unautunza kwa kazi gani? Chakula huonji ladha yake, baridi huisikii, mwaka mzima unatembea kwa sababu tu miguu ipo. Yeye alipenda kuishi. Mpe, Mama Ivanka apate mwanawe, Blažka apate mume, na wewe upumzike. Nilifika kileleni nikiwa nimekwisha kukubali. Nikafungua kisanduku. Nikaulowesha muhuri. Kijitabu chake kikawa wazi mbele yangu.

Tok... tok...

Mburuzo.

Ukakoma nyuma ya kisigino changu. Harufu ya nta ikanijaa puani.

Ningependa kusema nilimkumbuka mama yangu, au Mungu. Hapana. Niliogopa. Baada ya mwaka mzima, niliogopa mpaka meno yakagongana, na hofu ile ilikuwa yangu mwenyewe. Nikakisukuma kijitabu chake pembeni, nikafungua changu, nikagonga.

Mguu wa kushoto ukaanza kunichoma kama nimekanyaga kichuguu cha siafu. Nikakaa chini nikalia. Nililia kilio cha mazishi yale niliyoyasimamia kwa macho makavu. Gorazd akanishika bega, akaninyanyua, akaanza kunishusha hatua kwa hatua. Kijitabu cha Lovro kilibaki juu ya kisanduku.

"Tangulieni," Blažka alisema nyuma yetu. "Nakichukua."

Niliyasikia maneno hayo. Niliyatambua. Nikaendelea kushuka.

Tulifika kwa Mama Ivanka kabla jua halijatua. Kijitabu kilikuwa mezani kwake. Sikumwona aliyekiweka. Akakifungua ukurasa wa mwisho, na muhuri wa tatu ulikuwapo, wino wake bado mbichi. Akaubusu, wino ukamganda mdomoni.

"Kaeni, wanangu, kaeni. Mmechoka."

Akamimina chai. Kikombe kwa Gorazd. Kikombe kwangu. Cha tatu akakiweka mbele ya kiti kitupu karibu na jiko, akakisogeza vizuri kidogo, mpini uelekee mkono wa kushoto. Lovro alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Chumba kizima kilinuka nta ya nyuki.

Blažka alikuwa amesimama mlangoni, viatu vyake mkononi.

"Na mimi, mama?"

Mama Ivanka hakugeuka. Gorazd alikuwa akikoroga sukari yake, anatabasamu kuelekea kile kiti.

"Gorazd," akaita. Kisha kwa sauti ya chini zaidi, "Zarja... sisikii miguu yangu."

Nilijua la kufanya. Kumshika mkono, kumwita jina kwa sauti, kumkalisha pale mezani kwa nguvu, kama nilivyoshika aproni ya Mama Fani. Dakika moja tu ingetosha. Lakini mguu wangu ulikuwa mzima, na vidole vyangu vilikuwa vimeshika kikombe na kulisikia joto lake.

Nikainua kikombe. Chai ilikuwa ya moto, ikaniunguza ulimi. Nikainywa yote.