Oili ya Trekta la Baba

Ta. Kimya. Ta. Kimya. Ta.

Binti aliisikia sauti hiyo kabla hajasukuma mlango wa banda. Aliijua. Lilikuwa tone la oili likidondoka ndani ya kopo.

Trekta dogo la bustani lilisimama kwenye kiza cha banda. Gurudumu lake moja la nyuma lilikuwa limelowa, jeusi tii. Baba alilinunua likiwa kuukuu, akalilea kama mtoto. Kisha kifua kikamshika baba, pumzi zikampungua, akafa. Trekta likabaki, likivuja tone baada ya tone.

Mama aliingia nyuma yake. Aliinama, akaokota kopo, akataka kuirudisha oili kwenye gia.

"Mama, hiyo imeingia mchanga."

"Ni oili yake mwenyewe. Inarudi ilikotoka."

"Mchanga utasaga gia, mama. Usiirudishe."

Mama aliliweka kopo chini, akachukua kitambaa, akaanza kulifuta trekta. Tangu mazishi alikuwa hivyo. Maneno machache, kitambaa mkononi. Dirisha la chumba cha baba halikuwa limefunguliwa tangu siku ile.

Baba mdogo alitokea mlangoni. Hakuketi.

"Shemeji, nimeongea na mtu wa vyuma chakavu. Jumamosi analifuata."

"Baba mdogo!" binti aliruka. "Hilo ndilo linalotulisha. Tutalimia nini? Kucha?"

"Linawalisha, au ninyi ndio mnalinywesha? Nimelibadilishia sili ya kuzuia oili kwa mikono yangu hii. Wiki haikuisha, likavuja tena. Limechoka. Hata kaka angekuwepo angesema hivyo."

"Usimsemee," mama alisema, bila kugeuka.

Baba mdogo alishusha sauti. "Juzi breki ililowa oili, huyu mtoto akateleza nalo mpaka kwenye uzio. Nimemzika kaka yangu. Sitaki kumzika na binti yake."

Alisema kweli, na kweli yake iliuma. Binti alitazama nje. Mstari mzima wa mboga ulikuwa umekauka pale oili ilipomwagika. Bila trekta, shamba lote lingefuata.

Alitoka, akaenda nyumba ya pili kwa Shangazi Spana. Hakuwa shangazi yake wa damu. Alikuwa jirani, fundi wa mashine, na jina la Spana alipewa kwa wembamba wake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana kama turubai la mwaka jana?"

Binti alimweleza yote. Shangazi Spana alisikiliza, akachukua mkoba wake wa vifaa.

"Twende. Lakini sifufui wafu, nakwambia mapema."

Bandani, fundi aliweka mawe mbele ya magurudumu ili trekta lisitembee. Akaliinua kwa jeki, kisha akaliegemeza juu ya magogo imara.

"Usiingie kamwe chini ya kitu kilichoshikwa na jeki peke yake," alimwambia binti. "Jeki haina huruma."

Walimwaga oili yote kwenye ndoo. Wakatoa gurudumu. Ekseli ikaonekana, kile chuma kirefu kinachozungusha gurudumu. Palipotokea chuma hicho palikuwa na pete ya mpira.

"Hii ndiyo sili," alisema fundi. "Kazi yake ni kuzuia oili isitoke na uchafu usiingie. Ona, upande mmoja umebonyea. Nani aliipiga nyundo?"

Baba mdogo alikohoa. "Ilikuwa ngumu kuingia."

"Na wewe ukaipiga kama unaua nyoka!"

Binti alicheka, akajizuia. Mama hakucheka.

Fundi aliing'oa sili taratibu, asiikwaruze ekseli. Akasugua kutu ya ekseli kwa msasa laini, akaifuta. Akaizungushia ekseli nailoni nyembamba ili kingo kali za chuma zisiikate sili mpya. Akaipaka sili hiyo grisi, akauelekeza mdomo wake ndani, kwenye oili. Kisha akaweka kipande cha bomba chenye upana sawa na sili, akakigongagonga polepole mpaka ikakaa sawa pande zote, akaivua ile nailoni.

"Basi imekwisha?" aliuliza baba mdogo.

"Bado. Sili yako ilipigwa vibaya, sawa. Lakini ya kwanza ilivuja kwa nini? Gia zikifanya kazi hupata moto. Hewa ya ndani hutanuka, inatafuta pa kutokea. Ina kitundu chake juu. Kikiziba, hewa inaisukuma oili, na oili inapenya kwenye sili. Hata ungeweka sili ya dhahabu, ingevuja."

Alipapasa juu ya gia. Vidole vyake vikasimama. Akachomoa kwa koleo kipande cha kitambaa, kimekazwa kama kizibo. Kilikuwa na mistari ya buluu.

Binti alikijua. Kilikuwa kipande cha shati la baba.

"Ni mimi," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Aliniambia nilitunze, lisiingie vumbi. Alipokufa nikakata shati lake. Nikaziba kila kitundu nilichokiona."

Mama alikipokea kitambaa kile. Kilikuwa kimelowa oili.

"Alikufa akitafuta pumzi," alisema. "Nami nikaliziba pumzi trekta lake."

Baba mdogo alivua kofia. Shangazi Spana hakutoa mzaha safari hii.

"Hukujua, dada. Vumbi huzuiwa na kifuniko maalumu, si kitambaa. Kifuniko kinaacha hewa ipite. Ninacho kimoja."

Alikifunga kile kifuniko. Wakarudisha gurudumu, wakasafisha breki, wakajaza oili mpya mpaka kwenye alama yake. Ile chafu waliitia kwenye dumu.

"Msiimwage shambani wala karibu na kisima," alionya. "Nitaipeleka gereji."

Binti aliliendesha trekta mpaka jasho likamtoka. Alipolirudisha, waliweka kopo safi chini ya gurudumu, wakasubiri. Baba mdogo alichuchumaa, akatia kidole ndani ya kopo. Kidole kilitoka kikavu.

"Mtu wa vyuma nitamwambia asije," alisema, akaondoka akiwa ameshika kofia mkononi.

Binti na mama walibaki peke yao. Banda lilikuwa kimya, bila tone. Ukimya ule ulikuwa mzito, kana kwamba baba ameondoka mara ya pili. Mama alikunja kile kitambaa cha buluu, akakitazama, kisha akatazama nyumba, upande wa lile dirisha.

"Kesho nitalifungua," alisema. "Mwanangu, nakuahidi."