Ndovu wa Emali na Ndovu wa Wote

Kalondu alimkuta mwanamume ameinamia kaunta ya Abdow, muuza vifaa vya kompyuta, sikio karibu liguse kadi ya kompyuta, huku akizungusha feni ya kadi hiyo kwa kidole. Ilikuwa siku ya soko Emali. Nje malori yalipiga honi, wauza vitunguu waliitana, na spika ya mhubiri ilishindana na spika ya muuza dawa ya panya. Katikati ya kelele zote hizo, mtu mzima alikuwa anasikiliza feni.

“Imekuambia nini?” Kalondu akauliza.

Mwanamume akainuka haraka. Alikuwa mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, vumbi jekundu kwenye nyusi. Akamtazama yule dada wa gauni la kitenge cha rangi ya chungwa na kusahau kidogo alichoulizwa.

“Imesema imefanya kazi ngumu sana Nairobi,” akajibu. “Imekuja huku kupumzika.”

Kalondu akacheka. Hakuwa amepanga kucheka. Alikuwa ametoka mji wa Wote asubuhi kutafuta kadi ya grafiki, ile inayoipa kompyuta nguvu ya kuchora, kwa sababu alikuwa akitengeneza katuni ya safina ya Nuhu kwa ajili ya watoto wa kanisa lao, na mashine yake ya zamani ilichukua siku nzima kumtembeza ndovu mmoja. Huyu naye, aliyejitambulisha kuwa Muli, alikuwa na ofisi hapo Emali, akichorea watu nyumba kwa kompyuta kabla hazijajengwa.

Abdow alikuwa na kadi mbili tu. Moja kubwa, ya feni mbili, iliyotumika. Nyingine ndogo, mpya, bado ndani ya boksi. Bei ni moja.

“Ipi ina mbio?” Kalondu akauliza.

“Dada, mimi nauza. Mbio zao sijui,” Abdow akasema. “Kila mtu abebe moja, mkajaribu. Soko lijalo mrudi, mkitaka kubadilishana mbadilishane hapa mbele yangu. Baada ya hapo sitaki kelele.”

Muli akamwachia Kalondu achague kwanza. Kalondu akachukua ile mpya. Wakapeana namba za simu, kwa ajili ya kazi tu, na ukiamini hivyo basi hujawahi kupenda.

Jaribio lilikuwa rahisi. Kalondu alimtumia Muli faili la ndovu anayepanda safina. Kila siku wakati wa chakula cha mchana, wakiwa kwenye simu, wangeanzisha kompyuta zao kwa pamoja na kuona ni ndovu wa nani atamaliza kupanda kwanza.

“Wangu amefika,” Kalondu alitangaza siku ya kwanza. “Wako?”

“Wangu bado yuko kwa ngazi. Nadhani amekula sana.”

Siku ya pili ikawa vilevile. Ya tatu pia. Ndovu wa Wote alifika mapema, ndovu wa Emali akabaki njiani akijikokota, na wenye ndovu wakawa wanaendelea kuongea hata baada ya wanyama wote kutulia. Kalondu alijua sasa kwamba Muli hapendi maharagwe, kwamba anaimba besi kwenye kwaya, na kwamba akicheka hukohoa kidogo.

“Haya, kula sasa, mpenzi,” Muli alisema siku moja.

“Umesema nini?”

“Nilikuwa naongea na ndovu.”

“Mwambie ndovu amesikika,” Kalondu akasema. Siku hiyo chakula chake kilipoa kwenye sahani.

Kisha, siku moja kabla ya soko, Muli akamtumia video asubuhi na mapema. Nyumba ya mteja, nzuri ajabu, ikizunguka polepole, na jua likipita kwenye vioo vya madirisha yake. Kalondu akaitazama mara mbili. Alifurahi, halafu akaanza kujiuliza, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Akampigia.

“Hii umeitengeneza saa ngapi?”

“Leo. Nimeianzisha nikiamka, na kabla ya chai ikawa imeisha. Umeipenda?”

“Muli, kwa mwendo wa ndovu wako, hii ingeisha saa nane mchana.”

“Sijui. Imeisha tu.”

“Na ni wewe jana uliniambia tusibadilishane, kila mtu abaki na yake.”

“Kwani unasema mimi nimeficha kadi nzuri?”

“Nasema namba zako hazishikani.”

“Nimekusomea vile skrini imesema. Kila siku. Kalondu, aki, mimi nikudanganye juu ya ndovu?”

Kalondu akakata simu. Kadi haikumuuma hivyo. Alikuwa amekwisha kumpenda mtu huyu, na kama anaweza kudanganya juu ya ndovu wa katuni, atadanganya mara ngapi juu ya mambo ambayo hakuna skrini ya kuyaonyesha?

Akafunga mlango na madirisha ili jirani asimsikie akilia. Akazima na feni ya chumba, ilikuwa inampigia kelele. Mchana, kwa hasira, akamwanzisha ndovu wake peke yake.

Ndovu hakufika. Yaani alifika, lakini amechelewa sana, akijikokota kama yule wa Emali. Kalondu akafuta machozi na kusogea karibu. Akashika ubavu wa kompyuta, akatoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto. Akafungua mlango na madirisha, akawasha feni, akasubiri, akajaribu tena. Ndovu akapanda safina bila shida.

“Aiya!” Kalondu akajiambia.

Kesho yake, siku ya soko Emali, hakwenda dukani. Alikwenda moja kwa moja hadi ofisi ya Muli, chumba cha ghorofani chini ya mabati matupu, bila dari, jua la Emali limekaa juu yake tangu asubuhi. Muli alifungua mlango, jasho likimtiririka shingoni.

“Umekuja kunikamata?”

“Nimekuja kupima. Beba kompyuta yako.”

Waliishusha pamoja hadi kwa Abdow. Duka la Abdow lilikuwa la mawe, sakafu baridi, na Abdow mwenyewe akawapisha kwenye kaunta. Wakajaribu kwanza kadi ndogo ambayo Kalondu alikuja nayo, kisha ile kubwa ya Muli, ndani ya mashine moja, chumba kimoja. Kwa ile kubwa, ndovu alipanda safina mbiombio hata Abdow akapiga makofi.

“Ni joto,” Kalondu akasema. “Kadi ikichemka inajipunguza mbio isiungue. Tulikuwa tunajaribu mchana, na mchana kwako ni jiko. Ile nyumba uliichora alfajiri, kukiwa na baridi.”

Muli hakucheka. Akaichomoa kadi kubwa, akaipangusa vumbi kwa shati lake jeupe, akamwekea mkononi.

“Chukua. Kwangu inateseka bure, hiyo ndogo itavumilia mabati. Lakini umenihukumu kwa simu, Kalondu. Mpaka mashine initetee.”

“Najua. Na imeniuma usiku kucha. Niliogopa kwa sababu nakupenda. Nisamehe.”

Abdow ghafla akapata kazi ya kupanga betri kwenye rafu ya nyuma.

Muli akakohoa kidogo, na Kalondu akajua anacheka.

“Kuna kitu kingine unataka kupima?”

“Kimoja. Mimi na wewe tukikaa nyumba moja, tutachokana au hatutachokana.”

“Hiyo test ni ya miaka mingi.”

“Ndiyo maana nataka tuanze mapema.”

“Na haiwezi kuanza kabla mbuzi za ntheo, zile za posa, zifike kwa baba yako.”

“Soko la mbuzi liko hapo tu,” Kalondu akasema, akivuta mtandio wake begani. “Twende.”

“Kalondu! Msichana haendi kuchagua mbuzi za kumposa yeye mwenyewe!”

“Nani amesema nachagua? Mimi nataka kuziona tu,” akajibu, na tayari alikuwa mlangoni.