Klipu ya Zamani

Kila Jumamosi Evelina na mama yake, Paskazia, walivuka kwa kivuko kutoka Kamanga kwenda Mwanza kuuza nyanya. Mama aliuza, Evelina alipanga mafungu. Jumamosi hii alikuwa na kazi ya ziada. Baba yake, Masele, alikuwa mkata miti, na msumeno wake wa mnyororo ulikuwa umechoka: ulinguruma vizuri, lakini ukigusa gogo unafifia. Baba alichomoa pistoni kuukuu ndani ya injini yake, akaifunga kwenye kitambaa, akamwagiza Evelina atafute mpya yenye nguvu zaidi, na asikubali kuuziwa feki.

Duka la kwanza walidhani ametumwa spea ya pikipiki. La pili walikuwa nayo, ila ilikuwa kubwa kuliko ile ya baba. La tatu lilikuwa la Mama Sherbanu, mfanyabiashara wa makamo aliyezoeleka kwa mafundi wengi. Evelina alimwamkia, akafungua kitambaa. Mama Sherbanu aliipima pistoni kuukuu kwa makini, kisha akatoa kiboksi. Alieleza kwamba pistoni hii haikutengenezwa na kampuni ya msumeno ule, lakini si feki. Ni nyepesi na imeundwa ili kuongeza nguvu. Mwishoni akaonyesha viwaya viwili vilivyopinda, vidogo kuliko ukucha.

"Hizi ni klipu, zinashika pini ya pistoni isitoke," alisema. "Mwambie baba atumie hizi mpya tu. Za zamani zimelegea, asizirudishe."

Kwenye kivuko mama alisinzia. Evelina alikuwa na mikono isiyojua kutulia, basi akafungua kiboksi, akatoa klipu moja na kuibana kati ya vidole. Klipu iliruka, ikagonga chuma mara moja tu, ikazama ziwani.

Angemwambia nini baba? Kisha akakumbuka kwamba pistoni kuukuu bado ilikuwa na klipu moja. Aliichomoa kwa kibanio cha nywele, akaifuta kwa upindo wa sketi, akaiweka ndani ya kiboksi. Ilifanana kabisa na ile mpya iliyobaki.

Jioni baba alifurahi sana. Akauliza mwenye duka amesemaje.

"Hakusema kitu, baba," Evelina alijibu.

Jumapili baba alifunga pistoni ile. Evelina, akijifanya anauliza tu, alitaka kujua klipu ikitoka itakuwaje. Baba alimwambia kwamba pini itatembea, itakwaruza silinda, na mashine itakaba, yaani itakwama na kuzima ghafla. Ikikaba wakati mti umekatwa nusu, mti huchagua wenyewe pa kuangukia. Evelina alitamani kusema, lakini akainuka, akaenda kuosha vyombo.

Jumatatu baba alikwenda kukata mkaratusi mkubwa ulioinamia nyumba ya Mzee Nkwabi, jirani na shule. Darasani Evelina alisikia msumeno ukilia, mkali kuliko zamani. Baba alikuwa anaanza na matawi ya chini. Kila sauti ilipopungua, aliacha kuandika. Ilipopanda tena, aliendelea. Mwalimu Venant alimwita ubaoni mara mbili, naye hakusikia. Kisha msumeno ukanyamaza, na Evelina akajua sasa baba anahamia kwenye shina. Alisimama, akaomba ruhusa ya kutoka, na kabla hajajibiwa alikuwa mlangoni.

Alimkuta baba ameinama kwenye shina, mkono uko kwenye kamba ya kuwashia.

"Baba, usiwashe. Niliweka klipu ya zamani. Mpya ilizama ziwani, na mwenye duka alikukataza."

Baba aliuweka msumeno chini. Ulipopoa kidogo, akaufungua palepale. Klipu ya zamani ilikuwa imetoka nusu kwenye mfereji wake. Baba aliichomoa, akaitia mfukoni.

Kazi iliahirishwa. Jumamosi iliyofuata Evelina mwenyewe alisimama mbele ya Mama Sherbanu akaeleza yote, macho chini, akarudi na klipu mpya ndani ya kiboksi. Safari hii kiboksi hakikufunguliwa njiani.

Jumatatu mchana mkaratusi ulikatwa. Evelina alisimama mbali, karibu na uzio wa shule, akiogopa bado. Msumeno haukufifia hata kidogo. Mti ulilia, ukainama taratibu, ukaanguka kwenye shamba tupu, pale pale baba aliposema utaanguka.

Baba alizima mashine, akamwita. Akatoa mfukoni ile klipu ya zamani, akamwekea kiganjani.

"Klipu iliyozama ni kosa la mikono," alisema. "Mimi nilipokuwa na umri wako nilipoteza vitu vingi zaidi. Lakini uliponiambia mwenye duka hakusema kitu, ndipo uliponiweka chini ya mti huu. Ulikuwa unaogopa, najua. Siku nyingine usisubiri hofu iishe, mwanangu. Njoo uniambie huku unaogopa, nami nitakusikiliza."