Spika ya Karibu na Usukani

Duka la redio lilifurika watu, kila mmoja akitaka chake kijaribiwe kwanza. Nahodha, dada mwenye gauni la buluu na kilemba cheupe, alisimama kwenye foleni amekumbatia spika kubwa kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwenzake.

"Hiyo irudishe, dada," akasema fundi wa duka, kijana mwenye shati la pasi na mifuko iliyojaa bisibisi.

"Niirudishe kwa nini? Sijaiba."

"Nimekusikia ukisema inakwenda kwenye boti. Hiyo ya sebuleni. Ndani ni karatasi, ikinywa unyevu wa chumvi inaanza kukohoa, halafu inakata kauli."

"Basi nipe inayopiga kelele zaidi."

"Kelele si sauti. Kwenye boti hakuna kuta, sauti inapotelea hewani. Chukua ndogo ndogo za plastiki, zisizoshika kutu, uzigawe mbele na nyuma. Na muziki upate betri yake. Ukinyonya betri ya injini, mtacheza vizuri, halafu injini igome kuwaka."

Nahodha akasonya. Hakuja kusomeshwa. Abiria walikuwa wanaikimbia boti ya marehemu baba yake, wote wanapanda ya jirani yenye muziki, na baba zake wadogo walishasema: isipojaa msimu huu, inauzwa.

"Wewe huwa unaongea hivi hata usingizini?"

"Sijui. Nalala peke yangu, hakuna wa kuniambia."

Akacheka bila kupenda. Zile ndogo akazinunua.

Fundi akaja botini kuzifunga, siku baada ya siku, na kazi ikawatoa jasho. Spika hii inalia, ile imenuna. Jioni wanaachana wamekasirika, wakifika makwao wameshakumbukana, simu zinaita.

"Umekula, kipenzi?"

"Nitakulaje na spika ya nyuma inakoroma?"

"Inakoroma kwa sababu waya wake umelala na waya wa injini. Kesho nitawatenganisha."

"Watenganishe hao. Mimi usinitenge."

Alipomaliza, Fundi akafunga spika moja zaidi, zawadi yake mwenyewe, ubavuni mwa usukani, kando ya dira. "Hii yako peke yako. Wenzako wakiburudika nyuma, nawe usipitwe."

Nahodha, ambaye humfukuza hata shangazi yake akisogea na kisu cha machungwa karibu na dira, siku hiyo hakumzuia. Alikuwa anaipapasa ile spika na kutabasamu.

Abiria wakarudi, boti ikajaa. Kisha ikaja asubuhi ya ukungu mzito, pwani haionekani. Nahodha akaifuata dira, na dira ikaifuata spika. Boti ikapanda fungu la mchanga. Watu wakashuka majini, viatu mkononi, wakilaani.

"Muziki mtamu, mwanangu," akasema shangazi yake, mkata tiketi, "ila tumefika tusikokwenda."

Ukungu ulipoondoka, mnara wa pwani ulikuwa upande mmoja, dira inaelekeza kwingine. Nahodha akaing'oa ile spika kwa hasira. Sindano ya dira ikageuka taratibu, ikarudi mahali pake.

Simu ikaita. "Mpenzi, leo mmejaza?"

"Spika ina sumaku?"

"Kila spika ina sumaku, mgongoni. Kwani..."

"Na ukaiweka pale." Akakata.

Kesho yake boti ilielea tupu. Baba mdogo akapiga, amepata mnunuzi. Fundi naye akipiga, hapokelewi. Dukani akaunganisha nyaya kinyume, redio ya mteja ikafuka moshi. Mwisho akafunga kazi, akaenda gatini.

"Ulitaka nizamishe watu?" Nahodha hakumtazama.

"Mimi najua redio. Dira sikuijua. Shangazi ndiye kanieleza sasa hivi."

"Unajua kila kitu siku zote, hilo likakupita?"

"Likanipita. Nilikuwa nawaza namna utakavyonisikia, basi."

Nahodha akakifuta kioo cha dira. Kidogo akasema, "Mimi dira naijua tangu utotoni. Nilipaswa kukuzuia. Nilifurahi, nikapumbaa."

"Wapumbavu wawili kwenye boti moja," akasema shangazi. "Haya, rekebisheni, watu wanatazama."

Kweli, watu gatini walikuwa wamesimama. Fundi akaishika ile spika iliyong'olewa, akarudi nyuma hatua kwa hatua, Nahodha macho kwenye sindano. "Bado. Bado inatikisika. Hapo. Imetulia." Wakaifunga hapo, nyuma ya viti. Abiria mmoja akapanda, kisha wengine wachache.

"Mpigie mdogo wa baba yako," akasema shangazi. "Mwambie msimu haujaisha."

"Na hapa karibu na usukani nani atakaa?" akauliza Fundi.

"Ukitaka kukaa wewe, toa vyuma mfukoni kwanza."

Akatoa bisibisi, koleo, funguo, akampa shangazi kimoja kimoja. Mkono ukasita mfukoni.

"Kimebaki nini?"

Akafungua kiganja. Pete.

Nahodha hakuivaa. Aliichukua kwa vidole viwili, akaisogeza mpaka kwenye kioo cha dira, akasubiri. Sindano haikutikisika.

"Hii haina neno," akasema, akaivaa, akawasha injini.