Mlango wa Chumba cha Watoto

Nusu ya haya niliyaona. Nusu alinisimulia shangazi yangu, akiwa na akili zake timamu.

Mumewe alikuwa seremala, mcheshi kupindukia. Msumeno ulishamla kidole cha shahada, naye akitutania kwamba ndiyo maana hamnyooshei mtu kidole. Magofu ya hoteli ya zamani kando ya ziwa yalipobomolewa, alirudi na mlango wa mbao ngumu uliosalimika na moto. Shangazi alipouona, alikaa chini.

“Uondoe, mume wangu. Naujua. Ni wa chumba cha watoto.”

“Mbao hazina kumbukumbu, bibi wewe.”

Ujanani shangazi alitandika vitanda kwenye hoteli ile, enzi za wageni kucheza dansi barazani. Mchana wakubwa walipopumzika, meneja aliamuru watoto wafungiwe chumbani mwao kwa nje, wasije wakazama ziwani. Funguo alishika shangazi. Siku jiko liliposhika moto, alikuwa ufukweni akianika mashuka. Alipofika mbio, mlango ulikuwa ukigongwa kwa ndani. Moto ulimzuia kusogea. Halafu haukugongwa tena.

Seremala aliupachika chumbani kwao, akajilaza mchana ule ule. Shangazi akaja na mashuka safi. Mazoea ya kazi hayakuwahi kumtoka: hata kwake hakugusa kitasa kabla ya kugonga. Mawazo yakiwa mbali, akagonga.

“Hodi, usafi!”

“Karibu,” ikajibu sauti ya mtoto. “Tufungulie.”

Mashuka yakamponyoka. Kitasa kilikuwa cha moto, hakizunguki. Ngumi zikaanza kwa ndani, ndogo, nyingi. Ikaja harufu ya nywele zinazoungua.

“Mke wangu, wananipanda! Fungua!”

Alichukua shoka. Akapiga. Akapiga tena. Damu ikapita chini ya mlango, ikamlowesha miguu. Ubao ukapasuka. Kimya.

Nilipoitwa, seremala alikuwa chini, mbavu zimevunjika, uso umekanyagwa hata hautambuliki. Mikono ilikuwa imechubuka hadi mfupa kwa kugonga. Dirisha lilikuwa limefungwa, na chumbani hamkuwa na mtu mwingine.

Mlango niliuchoma mwenyewe, nikilia kwa hasira. Siku hizi mlangoni shangazi ana pazia jeupe tu. Kila asubuhi hukuta viganja vya masizi upande wa ndani, vyote vidogo. Hulifua, akalitundika tena.

Juzi nilimsaidia kulishusha tulifue. Juu ya vile vidogo palikuwa na kiganja kikubwa. Hakikuwa na kidole cha shahada.