Posa Iliyokwama Mpakani

"Serbia sipiti, Vedad. Nimeshasema!"

Mama Hajrija alitua kikombe chake cha kahawa juu ya ramani, palepale Belgrade ilipoandikwa.

"Mama, unaichafua ramani."

"Ichafuke. Njia zenyewe zimechafuka tangu vita."

Vedad alicheka, akakisogeza kikombe. Meza ya jikoni kwao Vratnik, huko juu mlimani Sarajevo, ilikuwa imefunikwa yote. Kalamu nyekundu ilianzia Sarajevo, ikashuka Montenegro, ikaingia Albania, ikapanda Kosovo mpaka mji wa Prizren. Hapo Vedad alikuwa amechora duara dogo. Kutoka kwenye duara mstari ulikwenda Makedonia, kwenye ziwa la Ohrid, ukarudi.

"Basi tutarudi kwa njia ileile ya Albania," alisema. "Tukishapeleka posa, baba yake Teuta akikubali, tunakwenda Ohrid sote watatu. Wewe, mimi na yeye. Unakaa ziwani unakula samaki."

"Marehemu baba yako alinipeleka Ohrid kwa gari bovu," mama alisema. "Hakuna aliyetuuliza jina. Siku hizi ukinunua mkate tu unavuka mipaka miwili."

Vedad alikuwa fundi wa lifti. Alimpata Teuta ndani ya lifti ya hoteli huko Ulcinj, pwani ya Montenegro, binti wa watu kakwama kati ya ghorofa, anagonga mlango kwa kiatu. Alipomfungulia, neno la kwanza alilopewa ni, "Umechelewa!" Vedad akaomba msamaha kana kwamba ni yeye aliyeiharibu.

Tangu siku ile ni miaka miwili. Na kwa miaka miwili hiyo, wapenzi hawa hawakuwahi kukanyaga sebule za wazazi wao. Bosnia haiitambui Kosovo kuwa ni nchi, wala pasi zake, na Kosovo nayo ikajibu kwa kuwadai Wabosnia viza. Kwa hiyo walikutana kwenye nchi za watu, leo Ulcinj, kesho Skopje huko Makedonia, kama wezi.

Simu iliita. Jina la Teuta likawaka.

"Mpenzi, niambie. Viza imetoka?"

Vedad alimtazama mama yake. Mama alikuwa anatabasamu kwenye ramani, kidole chake kinaifuata njia ya Ohrid.

Ukweli ni kwamba siku ya Jumanne mtu wa dirisha la viza alimrudishia Vedad pasi yake na ya mama yake na kumwambia, "Ombi limekataliwa." Alipouliza sababu, yule mtu aliinua mabega tu. Lilikuwa ombi la tatu.

"Vedad? Unanisikia?"

"Imetoka," Vedad alisema.

Ng'ambo ya pili alisikia Teuta akipiga kelele, halafu akisema Kialbania na watu wa nyumbani, halafu akilia.

"Baba kasema uje! Kasema, 'Binti simtoi kwa simu, lakini akija na mama yake akakaa sebuleni kwangu, tutazungumza.' Na kaka Burim nimemziba mdomo leo! Alikuwa hachoki kunitajia yule rafiki yake wa Uswisi anayekuja Agosti kutafuta mke."

"Mwambie yule wa Uswisi abaki na theluji yake."

"Usinicheleweshe tena, fundi wangu."

"Sichelewi."

Alipokata simu, jasho lilikuwa limemlowesha mgongo. Rafiki yake mmoja kazini alishamwambia, "Wewe nenda tu! Una mama mzee, una sinia la keki za baklava, nani atakuwa na moyo wa kukufukuza?" Vedad aliyashika maneno yale kama mtu anayezama anavyoshika unyasi. Alijiambia kuwa mpakani atasimama binadamu, na binadamu huelewa.

*

Waliondoka Sarajevo asubuhi. Mama Hajrija alivaa koti lake la Idi na kupakata sinia la baklava njia nzima, akikataa katakata kuliweka kwenye buti.

"Mama, ipe miguu raha."

"Wewe endesha. Posa haiwekwi na tairi la akiba."

Montenegro waligongewa mihuri wakapita. Albania walipita. Walilala Shkodër, na kesho yake wakashika barabara ya milimani kuelekea Kukës. Kila kibao kilichotaja Kosovo, Vedad alipunguza mwendo. Mama alikuwa anafanya mazoezi.

"Nitasema hivi: 'Bwana Skender, tumekuja na nia njema.' Au nianze na salamu za marehemu?"

"Anza na salamu, mama."

Meseji ya Teuta iliingia: *Mko wapi? Shangazi zangu wote wamekuja. Mama kapika tangu alfajiri. Hata Burim kavaa tai!*

Vedad akajibu: *Tunakaribia.*

Kwenye mpaka wa Kosovo foleni ya magari ilisogea. Afisa wa mpakani, dada kijana mwenye nywele zilizobanwa nyuma, alipokea pasi mbili, akafunua ukurasa baada ya ukurasa.

"Viza ziko wapi?"

Mama Hajrija aliinama dirishani kwa bashasha. "Anazo mwanangu. Vedad, mpe dada."

Vedad hakusogea.

"Vedad? Mpe basi, watu wanangoja nyuma."

"Sina, mama."

"Umezisahau Shkodër?"

"Hazijawahi kutoka. Walikataa." Kisha akamgeukia afisa, maneno yakimwagika. "Dada yangu, nakuomba. Tunaenda Prizren tu. Naposa. Watu wananingoja, wamepika. Kesho narudi, nikuachie hata gari hapa. Mtazame mama yangu..."

Afisa alimtazama yule mama, akaliona na sinia. Macho yake yalilainika, sauti ikabaki vilevile.

"Kaka, nikikupitisha leo, kesho mimi sina kazi. Geuza gari."

"Hata dakika chache? Waje wao wasimame hapo, tuonane tu?"

"Wao wanaweza kuvuka kuja huko uliko. Wewe huwezi kuja huku. Mimi sikuziandika sheria hizi. Geuza gari, tafadhali."

Hakukuwa na wa kumgombeza. Hilo ndilo lililomuuma Vedad zaidi. Angepata hata mtu wa kumtukana, angepumua.

Aliligeuza gari. Upande wa Albania, hatua chache kutoka foleni, palikuwa na mgahawa wenye viti vya plastiki. Akaegesha. Mama yake hakushuka. Alikuwa ameshika sinia lile kwa mikono miwili, anaangalia mbele.

"Umenileta huku kunivua nguo mbele za watu," alisema polepole.

"Mama..."

"Ningejua, ningebaki na aibu yangu nyumbani. Sasa mpigie huyo mtoto. Na safari hii umwambie ukweli."

Teuta alipokea kabla simu haijaita mara ya pili. "Mmefika? Natoka nje?"

"Tumerudishwa, Teuta."

"Acha utani."

"Viza haikutoka. Nilikudanganya."

Nyuma ya Teuta zilisikika sahani, vicheko vya wanawake, mtoto analia. Dunia nzima ilikuwa sebuleni mwao isipokuwa yeye.

"Kwa nini, Vedad?"

"Kwa sababu kwa miaka miwili nimekupa sababu tu. Nilitaka mara moja nikupe jibu."

Simu ikanyakuliwa. Sauti ya Burim ilikuja nzito.

"Sikiliza wewe. Baba yangu kakaa hapa kavaa kofia yake, shangazi zangu wametoka mbali, na wewe unatuchezea? Nilimwambia Teuta: mwanamume asiyeweza kufika mlangoni atawezaje kuulinda mlango? Usipige tena."

Simu ikakatika. Vedad alipiga. Haikupokelewa. Akapiga tena. Ikawa imezimwa.

Aliandika meseji: *Nisamehe. Niko hapa mpakani, upande wa Albania. Siwezi kuja mbele na siwezi kurudi nyuma.* Akaituma, akakaa kwenye kiti cha plastiki akiutazama mlima ulio ng'ambo. Nyuma ya mlima ule ndiko Prizren ilipo. Mtu mwenye baiskeli angefika kabla ya chakula cha mchana.

Mama yake alishuka hatimaye, akaketi kando yake. Alimfuta jasho kwa ncha ya kitambaa chake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Vedad akiwa mtoto, na hapo ndipo fundi wa lifti alipolia.

*

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande mmoja mama Hajrija alipomgusa kiwiko.

"Vedad. Yule ni nani?"

Mzee mrefu mwenye kofia nyeupe ya sufu alikuwa anavuka mpaka kwa miguu. Nyuma yake alitembea kijana aliyenuna, tai shingoni, amebeba birika na vikombe kwenye sinia. Nyuma ya kijana alikuja Teuta katika gauni la kijani, ameshika viatu vyake vya kisigino mkononi.

Vedad alisimama.

Mzee aliwapita wateja wote, akaja kusimama mbele ya mama Hajrija. Akaweka mkono kifuani.

"Mimi ni Skender, baba yake Teuta." Aliongea Kibosnia cha zamani, kilichopata kutu. "Karibuni."

Mama Hajrija alianza kuinuka. "Bwana Skender, sina sura ya kukutazama. Mwanangu kanidanganya mimi, kawadanganya na ninyi..."

"Keti, mama. Kwetu tunasema nyumba ni ya Mungu na ya mgeni. Mgeni akishindwa kuifikia nyumba, basi nyumba nayo inajua kutembea. Burim, mimina kahawa."

"Baba, mbele ya malori?"

"Mimina!"

Burim akamimina, kinywani anasaga maneno. Mwenye mgahawa alitoka kulalamika kwamba wageni wanakunywa kahawa ya kuja nayo. Alipoona baklava na sura zile, akarudi ndani, akaleta kitambaa cha meza.

Teuta hakukaa. Alisimama mbali na Vedad, mikono kifuani.

"Nilingoja miaka miwili hiyo, sikuchoka hata siku moja," alisema. "Leo umenichosha kwa neno moja. Viza wangeninyima wao ningevumilia. Ukweli umeninyima wewe."

"Najua."

"Hujui! Nilimvalisha mama yangu dhahabu zake. Nilimwambia kila mtu, 'Mnaona? Anakuja.' Ningejua, ningekuja mwenyewe hapa na kiti changu nikakaa nawe!"

"Niliogopa utasema basi, imetosha. Utaolewa Uswisi."

"Kwa hiyo hunijui."

Mikono ya Vedad ilimning'inia kama si yake.

Mzee Skender alikuwa anakunywa taratibu. "Nilikuwa askari Sarajevo ujanani, sote tulipokuwa nchi moja," alimwambia mama Hajrija. "Nilipanda basi Prizren nikalala, nikaamka nimefika. Hakuna aliyeniamsha kuniuliza pasi. Leo mwanao kaendesha siku mbili, kashindwa kuumaliza mlima mmoja. Kudanganya ni kosa. Lakini mwongo wa kweli angebaki nyumbani kwake akapiga simu. Huyu kaja mpaka ukutani akaupiga kichwa."

Akageuka. "Teuta. Bado unamtaka?"

"Nimemkasirikia, baba."

"Sikuuliza hilo."

Teuta alitazama lami. Lori lilipita, gauni likampepea, akalishika.

"Sijaacha kumtaka," alisema. "Lakini akinidanganya tena, hata kwa jambo jema, asinitafute."

"Sirudii," Vedad alisema. "Wallahi sirudii."

"Burim, una neno?" mzee aliuliza.

Burim alimpima Vedad juu mpaka chini. Akasukuma kikombe mbele yake.

"Kunywa kabla haijapoa, shemeji. Na ujue bado sijakupenda."

Hapo mama Hajrija alipata sauti yake. Alijiweka sawa, akalifungua sinia. "Bwana Skender, tumekuja na nia njema," akaanza, na yote aliyoyafanyia mazoezi njiani aliyasema pale, baina ya malori, bila kukosea hata neno, huku machozi yanamshuka.

*

Ohrid hawakwenda. Mipango yote sasa ilikuwa ya harusi, na ramani ilirudi mezani. Sarajevo Teuta haingii. Prizren Vedad haingii. Walihangaika wiki nyingi kwa simu.

"Skopje?"

"Bila kupita Serbia ni mzunguko mrefu mno kwa mama, na Serbia hapiti."

"Basi Shkodër," Teuta alisema mwishowe. "Kwako siku moja, kwangu siku moja. Kila mtu atachoka sawasawa."

Walioana Shkodër mwezi Septemba, kwenye ukumbi mdogo karibu na ziwa. Watu wa Prizren waliteremka na ngoma. Watu wa Sarajevo walikuja na akodioni. Burim alicheza mpaka tai ikapotea, na mama Hajrija akamlisha keki kwa mkono wake akimwita mwanangu.

Kesho yake asubuhi magari yalipangwa barabarani. Waliambiwa bi harusi akishapata cheti cha ndoa aombe viza ya Bosnia, angojee. Angojee mpaka lini, hakuna aliyeweza kusema.

"Si tumeoana?" Teuta aliuliza, hina bado mbichi viganjani. "Kweli narudi kwa baba?"

"Ni kwa muda tu," Vedad alisema, halafu akakumbuka ahadi yake. "Sijui ni muda gani. Sijui, Teuta."

"Ahsante," alimjibu. "Afadhali hivyo."

Walikumbatiana katikati ya barabara mpaka dereva wa basi akapiga honi, na hakupiga tena. Kisha gari la Skender likashika njia ya mashariki, na la Vedad likaenda kaskazini, riboni za harusi bado zinapepea kwenye vioo.

Mpakani Montenegro afisa aliziona zile riboni akatabasamu.

"Mnatoka harusini?"

"Ndiyo," Vedad alisema.

"Ya nani?"

"Yangu."

Afisa aliinama kuchungulia ndani. Mbele alikaa mama mzee, nyuma hakukuwa na mtu.

"Sasa bi harusi yuko wapi?"

Vedad aliutazama usukani. Mama Hajrija alinyoosha mkono mbele yake, akampa afisa pasi zao.

"Yuko njiani, mwanangu," alisema. "Gonga muhuri tupite."