Fundi Aliyepigwa Bure

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akafunga kitambaa kichwani na kumsaidia mama yake kupanga mikate kwenye trei. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alisimulia ya darasani, ya njiani, hata ya watu asiowajua, mpaka mama yake akacheka na kusema, "Mwanangu, pumua kwanza."

Wiki hiyo mama alikuwa amenunua oveni kubwa ya umeme. Fundi umeme, mzee mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi, alikuja kupima. Alifungua kisanduku cha swichi ukutani, akazikagua nyaya moja moja, kisha akatikisa kichwa.

"Mama, waya huu ni wa taa na redio tu," alisema. "Oveni hii inataka waya mnene, swichi yake peke yake na waya wa ardhi, wa kupeleka umeme chini ukivuja. Halafu mkaguzi wa majengo aje aone kabla hatujawasha. Ndivyo sheria inavyotaka. Nipe siku nne nitafute vifaa."

Kabla ya kuondoka alimwonyesha Chiriku swichi kuu karibu na mlango. "Mjukuu wangu, mtu akinaswa na umeme usimguse, hata awe nani. Zima hii kwanza."

Kaka yake Chiriku, kijana aliyemaliza shule mwaka uliopita na kujiona anajua kila kitu, aliguna. Kesho yake, Jumamosi asubuhi, mama alipokwenda kununua unga, kaka alitoa waya kwenye feni mbovu.

"Nishikie ngazi," alimwambia Chiriku. "Siku nne za nini? Mzee yule anajitafutia kazi tu."

"Lakini kaka, amesema mpaka mkaguzi…"

"Mkaguzi ndiye atakayeoka mikate?"

Alipounganisha oveni kwa waya ule, swichi ilijizima mara mbili. Kaka akaizungushia kipande cha waya ili isiweze kujizima tena. Waya wa ardhi hakuweka kabisa. Oveni ikawaka, naye akapiga mbinja kwa furaha. "Mama akiuliza, sema fundi alirudi. Basi."

Mama aliuliza kweli. Chiriku alimtazama kaka. "Fundi alirudi, mama. Amesema uwashe tu." Mama alifurahi, akakanda unga wa siku mbili kwa mpigo mmoja.

Siku ya nne, saa tisa mchana, mama alishika mlango wa oveni akiwa na mikono iliyolowa maji. Hakupiga kelele. Alikoroma huku meno yamebana, mwili ukitetemeka, vidole vimeganda kwenye chuma. Kaka aliruka kumvuta. Umeme ukamrusha, kichwa chake kikagonga kona ya rafu, damu ikamfunika uso.

Chiriku alinyoosha mkono amshike mama yake, kisha akaurudisha. Alikimbia mlangoni, akaizima swichi kuu. Mama akaanguka chini kama gunia. Lakini nyaya zilikuwa zimekwisha kushika moto. Moto ukapanda pazia na kulamba dari, vipande vinavyowaka vikaanza kudondoka juu ya meza.

Majirani walivunja dirisha, wakawatoa watu nje na kuuzima moto kwa mchanga. Mama alikuwa anapumua, lakini ngozi ya viganja vyake ilikuwa imebanduka.

"Nani alifunga umeme huu?" alinguruma muuza nyama wa jirani.

"Fundi… fundi wa miwani," mama akanong'ona.

Wakati uleule fundi alitokea kwenye kona, bunda la waya mnene begani. Alikuwa amekuja kufanya kazi yake.

"Huyo hapo! Muuaji!"

Muuza nyama alimtandika ngumi ya mdomo. Fundi akaenda chini, miwani ikasagwa chini ya viatu. Mateke yakamwangukia mbavuni na mgongoni. Mtu akaokota ubao.

"Sijafunga mimi! Ndiyo kwanza nakuja!" alilia fundi, lakini nani amsikie? Kaka alikaa palepale chini, akiangalia vidole vyake vya miguu.

Chiriku alimtazama fundi, kisha kaka yake. Akisema, watamgeukia kaka. Akisema, mama atajua. Ubao ukashuka, kichwa cha fundi kikapasuka. Ulipoinuliwa tena, Chiriku alipenya katikati ya miguu ya watu na kumlalia mzee yule. Ubao ukampata yeye begani, akasikia mfupa ukilia.

"Msimpige! Hakurudi! Nilidanganya! Kaka ndiye aliyeunganisha, na mimi nilimshikia ngazi!"

Mwenye ubao akaushusha. Kisha macho yote yakamgeukia kaka, na muuza nyama akamkamata shati.

"Mwache!" Fundi alitema jino na damu. "Hamjashiba kupiga? Mpelekeni mama hospitali."

Muuza nyama na mwenye ubao walikwenda kujieleza polisi. Kaka naye alikwenda mwenyewe, akasema kila kitu, kisha akampigia fundi magoti mbele ya watu walewale. Baada ya wiki sita fundi alirudi, ana pengo mdomoni na kovu kwenye paji la uso. Alivuta nyaya mpya. Mkaguzi alijaribu kila swichi, akatia saini ndipo oveni ikawashwa.

"Babu, nisamehe," alisema Chiriku, mkono ukiwa bado umefungwa shingoni. "Ningesema mapema usingeumia."

"Ni kweli, ulichelewa," fundi alijibu. "Lakini pale palikuwa na watu wengi, na ni wewe peke yako uliyenilalia."

Mama alivitazama viganja vyake vyenye makovu. "Waya mbovu umeniunguza mimi, mwanangu. Uongo wako ndio uliomweka mzee wa watu chini ya viatu. Kazi ya hatari mwachie anayeijua, na sheria yake uifuate hata kama inakuchelewesha. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajalipia kwa damu yake."

"Nimesikia, mama," alisema Chiriku. Akaenda kumletea fundi maji ya kunywa, kikombe akikishika kwa mkono wake mmoja mzima.